Usiache kazi yako mawinguni ukielekea mpakani

Ilikuwa siku ya soko. Mama mmoja tuliyerudi naye kutoka kambini Kigoma, ambaye sasa anatengeneza sabuni ya mawese huko Mabanda, kusini mwa Burundi, alikuwa amepata mnunuzi wa Manyovu, upande wa Tanzania. Mnunuzi aliahidi kuongeza bei kwa sharti moja: kila mche uwe na kibandiko chenye jina la sabuni, uzito na simu ya mtengenezaji.

Kibandiko nilikichora mimi usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa programu ya mtandaoni. Kilipendeza. Asubuhi tukafika kwenye duka la kuchapa karibu na mpaka, nikafungua kompyuta mpakato, kisha nikaona ukurasa mweupe na kiduara kinachozunguka. Simu yangu ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo na salio limekwisha. Kibandiko kilikuwepo, lakini hakikuwa kwangu.

Sabuni ilivuka bila jina, ikauzwa kwa bei ya sabuni isiyo na jina. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, basi ni wiki ijayo." Lakini kosa lilikuwa langu, na ndilo linalonifanya niandike makala haya.

Ndugu msomaji, programu kama Canva, iliyoanza Australia mwaka 2013, au Figma, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2016, zimewarahisishia kazi wengi wasioweza kununua programu ghali. Lakini kazi unayoiona kwenye kioo chako haikai humo. Huhifadhiwa kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali, na kila unaposogeza herufi, taarifa husafiri kwenda huko.

Nchi zetu zisizo na bahari hutegemea sana nyaya zinazopita baharini na kutokea Mombasa na Dar es Salaam. Mei 12, 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo hata mwenye kifurushi kikubwa hukaa akitazama kiduara.

Je, tuziache programu hizi? Hapana. Tuzitumie kama mfanyabiashara anavyotumia ghala la jirani: unahifadhi mzigo humo, lakini mzigo wa kesho unalala kwako.

Jambo la kwanza ni kupakua nakala kabla ya kufunga kazi. Canva, hata ile ya bure, inakuruhusu kutoa kazi katika PDF ya kuchapishia. Hiyo ndiyo mwenye duka la kuchapa anaihitaji. Iweke kwenye simu na kwenye flashi, kisha zima intaneti na ujaribu kuifungua. Ikifunguka, hapo ndipo useme unayo.

Kwa wanaotumia Figma, jueni kwamba mtandao ukikatika wakati faili iko wazi mnaweza kuendelea kuchora, na mabadiliko yatatumwa mtandao ukirudi. Lakini faili ambayo hukuifungua mapema haitafunguka. Na ile nakala yake yenye mkia wa .fig haikufai bila mtandao, kwa sababu sharti uirudishe kwanza mtandaoni ndipo uione. Hapa pia toa PDF.

Jambo la pili ni picha. Picha ya simu yenye upana wa nukta 4,000 inaweza kufika MB 4. Picha kumi ni MB 40, na kifurushi kinaondoka nazo. Sasa piga hesabu ya kibandiko. Cha sentimita 8 kwa 5, kikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kinahitaji nukta 945 kwa 591 tu. Punguza picha kwenye simu kabla ya kuipandisha. Mchapaji hataona tofauti, ila mfuko wako utaiona.

Jambo la tatu ni kuwa na programu inayokaa ndani ya kompyuta yako. Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka. Ipakue siku moja ukiwa mjini penye mtandao mzuri, uibebe kwa flashi, na uwagawie wenzako, maana leseni yake inaruhusu. Faili ya nembo au kibandiko cha maandishi na mistari mara nyingi haizidi KB chache. Inaweza pia kufungua PDF uliyoitoa kwingine ili usahihishe uzito au namba ya simu, ila kagua herufi kabla ya kuchapa, kwa kuwa zinaweza kubadilika umbo kama aina hiyo haimo kwenye kompyuta yako.

Mimi sasa hufanya hivi: mawazo na mifano ninaitafuta mtandaoni usiku, kazi yenyewe ninaimalizia kwenye Inkscape, na asubuhi ninaondoka na PDF mbili, moja kwenye simu na nyingine kwenye flashi.

Sisi tuliorejea tunalijua somo hili kuliko wengi. Wangapi kati yetu walirudi wakiwa na elimu kichwani lakini vyeti vimebaki kabatini mwa ofisi ya ng'ambo? Ulisoma kweli, ulifaulu kweli, lakini mlangoni kwa mwajiri unaulizwa karatasi. Kazi iliyofungiwa mahali usipoweza kufika siku unayoihitaji ni kama hukuifanya.

Yule mama alivuka tena wiki iliyofuata. Kila mche ulikuwa na jina, uzito na namba yake ya simu, na mnunuzi akalipa bei aliyoahidi. Vibandiko vilichapwa siku ambayo mtandao haukuwepo tangu alfajiri. Flashi alikuwa nayo mwenyewe, ameifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na fedha.