Kishona na Kimalei: Udugu wa Damu na Ujirani wa Bahari

Wanaisimu, yaani wataalamu wanaochunguza muundo na historia ya lugha, hutaja sababu tatu kuu zinazozifanya lugha mbili zifanane: ya kwanza ni nasaba, pale lugha hizo zinapotokana na mzazi mmoja, ya pili ni ukopaji, pale wasemaji wake wanapokutana bandarini, sokoni au msikitini wakapeana maneno, na ya tatu ni sadfa, ambayo haithibitishi uhusiano wowote. Kishona cha Zimbabwe na Kimalei cha Kusini-Mashariki mwa Asia havina nasaba moja, na kwa hiyo kuvilinganisha ni njia nzuri ya kuzipambanua sababu hizo tatu. Kwa msomaji wa Kiswahili ulinganisho huu una faida ya ziada, kwa kuwa lugha yake ni ndugu wa Kishona na, kwa karne nyingi, imekuwa jirani wa Kimalei ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi.

Kishona ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa na watu walio wengi nchini Zimbabwe na katika baadhi ya sehemu za Msumbiji. Kimalei ni cha familia ya Kiaustronesia, iliyoenea kutoka Madagaska hadi visiwa vya Hawaii. Ni lugha ya taifa ya Malaysia na Brunei, ni mojawapo ya lugha rasmi za Singapore, na ndicho msingi wa Kiindonesia, kiasi kwamba wanaotumia sura zake zote wanazidi milioni 200. Maandishi yake ya kale ni ya zamani mno, kwani jiwe la Kedukan Bukit, lililopatikana karibu na Palembang katika kisiwa cha Sumatra, lilichongwa mwaka 682.

Udugu wa Kishona na Kiswahili hauhitaji darubini kuonekana. Mtu ni *munhu* na watu ni *vanhu*. Mti ni *muti* na wingi wake ni *miti*. Kitu ni *chinhu* na vitu ni *zvinhu*. Kumi ni *gumi*, simba ni *shumba*, na nyoka ni *nyoka*. Jambo la kuzingatia ni kwamba tofauti zenyewe zina utaratibu, kwa maana kiambishi *vi-* cha Kiswahili hukutana na *zvi-* cha Kishona, na kitenzi *fika* hukutana na *svika*. Sauti hizo zinazoandikwa *sv* na *zv* hutamkwa kwa kuviringa midomo hadi pumzi itoke kama mluzi, nazo ni adimu katika lugha za dunia. Aidha, Kishona kimehifadhi toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kutenganisha maana za maneno, urithi ambao Kiswahili sanifu kimeupoteza na ambao Kimalei hakina.

Tofauti kubwa kati ya lugha hizi mbili huonekana vizuri zaidi katika sentensi moja ya kawaida. Kiswahili kinaposema "Miti mikubwa mitatu ilianguka", Kishona husema *Miti mikuru mitatu yakawa*, na Kimalei husema *Tiga batang pokok besar tumbang*. Katika Kishona, kama katika Kiswahili, nomino ndiyo inayotawala sentensi: kwa kuwa *miti* imo katika ngeli fulani, yaani kundi la nomino zenye viambishi vya namna moja, sifa na idadi hulazimika kuchukua *mi-*, nacho kitenzi huchukua alama ya ngeli hiyo hiyo. Katika Kimalei hakuna neno linalomfuata mwenzake kwa namna hiyo. *Pokok* ni mti, *besar* ni kubwa, *tumbang* ni anguka, na hakuna hata neno moja lililobadilika kwa sababu miti ni mingi, maana neno *tiga*, yaani tatu, limekwisha kuueleza wingi huo.

Hata hivyo, haifai kusema kwamba Kimalei hakijali aina za vitu. Lile neno *batang*, ambalo maana yake ya asili ni shina, hutumika kuhesabia vitu virefu kama miti na kalamu. Wanyama huhesabiwa kwa neno *ekor*, lenye maana ya mkia, hivi kwamba mbuzi wawili ni *dua ekor kambing*, kana kwamba msemaji anataja mikia miwili ya mbuzi. Nyumba na magari huhesabiwa kwa *buah*, ambalo maana yake ni tunda. Na watu huhesabiwa kwa *orang*, yaani mtu. Kiswahili hufanya jambo la namna hiyo kwa vitu vichache tu, kama katika "punje mbili za mchele" au "tembe tatu za dawa". Kwa hiyo lugha zote mbili zimevipanga vitu vya dunia katika makundi, ila Kishona huyadhihirisha makundi hayo kila nomino inapotajwa, na Kimalei huyadhihirisha hasa pale vitu vinapohesabiwa. Wingi usio na idadi, Kimalei huweza kuuonyesha kwa uradidi, yaani kulirudia neno zima, kama katika *pokok-pokok*.

Kitenzi nacho kina somo lake. Pika kwa Kishona ni *bika*, na kutokana na mzizi huo hupatikana *bikira* (pikia), *bikwa* (pikwa) na *bikirwa* (pikiwa), mnyambuliko ambao Mswahili yeyote ataufuata bila kufundishwa, kwa sababu lugha zote mbili huurefusha mzizi mwishoni. Kimalei kina mzizi *masak*, ambao huzaa *memasak* (kupika), *dimasak* (kupikwa), *memasakkan* (kumpikia mtu) na *masakan* (chakula kilichopikwa). Kazi inayofanyika ni ileile, lakini hapa viambishi vinavyotofautisha anayepika na kinachopikwa hutangulia mzizi.

Katika suala la wakati, Kishona hutaka uangalifu kuliko Kiswahili, kwani *ndabika* ni kwa mapishi ya muda mfupi uliopita na *ndakabika* ni kwa mapishi ya jana au ya zamani zaidi. Kitenzi cha Kimalei hakibadiliki kwa wakati hata kidogo: *saya masak semalam* ni "nilipika jana", *saya masak esok* ni "nitapika kesho", na kinachoonyesha tofauti ni maneno *semalam* na *esok* tu. Walakini Kimalei hudai jambo ambalo Kishona na Kiswahili havilidai, kwa kuwa kina maneno mawili ya "sisi": *kita* humjumuisha anayeambiwa, na *kami* humwacha nje. Anayesema kwa Kiswahili "tunakwenda sokoni" anaweza kumwacha msikilizaji akijiuliza kama naye amealikwa. Mmalei hawezi kusema *kita* au *kami* bila kulijibu swali hilo. Ndiyo maana kuiita lugha yoyote maskini kwa sababu haina kipengele fulani ni dhuluma, maana kile ambacho lugha moja imekiacha huru, nyingine imekifanya sharti.

Ipo pia mifano ya sadfa, ambayo huwapoteza watafiti wenye haraka. *Ini* kwa Kishona ni "mimi", na kwa Kimalei ni "hii"; *mana* kwa Kishona ni "manne", kama katika *mazita mana*, majina manne, na kwa Kimalei ni "wapi". Maneno hayo yamefanana kwa sauti tu, na hakuna kanuni ya mabadiliko ya sauti inayoyaunganisha kama inavyounganisha *fika* na *svika*.

Ukopaji ni habari nyingine, na njia yake ilikuwa bahari. Dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala na kupitia Kilwa, na vipande vya vyombo vya China vilivyofukuliwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu vinathibitisha kwamba bidhaa za mashariki zilipanda kwa upande wa pili. Mreno Tomé Pires, aliyekaa Melaka mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja watu wa Kilwa na Malindi miongoni mwa wafanyabiashara wa bandari hiyo ya Wamalei. Uislamu na biashara vilipeleka Kiarabu pande zote mbili, ndiyo maana Kimalei kina *khabar*, *dunia*, *sebab*, *umur* na *rezeki*, na Mswahili anayatambua bila kamusi. Wareno, walioingia Kilwa na Sofala mwaka 1505 na kuiteka Melaka mwaka 1511, waliacha *bendera* katika Kimalei na Kiswahili vilevile. Kishona, kilichokuwa barani, kiliguswa kidogo na mkondo huo wa pwani, na maneno kama *tafura* (meza) na *bhuku* (kitabu) yalikifikia baadaye kutoka lugha za walowezi wa kusini.

Mahali ambapo familia hizi mbili zilikutana ana kwa ana ni Madagaska. Kimalagasi kina asili ya Borneo na kina undugu na Kimalei, hivi kwamba mwezi ni *volana* kwa cha kwanza na *bulan* kwa cha pili, na tano ni *dimy* na *lima*. Lakini ng'ombe ni *omby*, mbwa ni *amboa* na kuku ni *akoho*, maneno yaliyotoka kwa Wabantu pamoja na mifugo yenyewe.

Historia ya usanifishaji, yaani kuchagua na kupanga sura moja rasmi ya lugha, nayo inakaribiana kwa miaka. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wa Indonesia waliapa kuitambua lugha moja ya umoja, wakachagua ile iliyotokana na Kimalei, lugha ya bandari, badala ya Kijava kilichokuwa na wasemaji wengi zaidi. Mwaka 1929 mwanaisimu Clement Doke alipewa kazi ya kutafuta maandishi ya pamoja ya lahaja za Kishona, zikiwemo Kizezuru, Kikaranga, Kikorekore, Kimanyika na Kindau, na ripoti yake ikatoka mwaka 1931. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1930, ilianza kazi kamati iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja.

Uhusiano huu wote unaweza kusomwa katika siku za wiki. Kishona huzihesabu kwa namba zake: *Chipiri* ni siku ya pili, *Chitatu* ya tatu, *China* ya nne na *Chishanu* ya tano, kuanzia Jumatatu. Kimalei huziita kwa majina ya Kiarabu, zikiwemo *Khamis* na *Jumaat*. Mswahili huanza kuhesabu kwa namba za Kibantu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na baada ya hapo husema Alhamisi na Ijumaa, na hivyo kila wiki huipitia nasaba yake na bahari yake.