Taa Tatu, Sarufi Moja

Mkongani hakuna taa za kuongoza magari. Kijana wa huku ajifunzaye udereva huzikuta akishavuka kivuko cha Likoni kuingia Mombasa, au afikapo Nairobi. Na aghalabu huzisoma kama aonavyo wengine wakizisoma: taa ya manjano ikiwaka, kanyaga mafuta!

Mwanaisimu Ferdinand de Saussure, aliyefariki mwaka 1913, alifundisha kwamba ishara na maana yake haviungani kwa maumbile bali kwa mapatano ya jamii. Ndivyo zilivyo taa hizi. Nyekundu ni kusimama nyuma ya mstari. Manjano nayo ni kusimama, isipokuwa kwa dereva aliyekwisha karibia mno hata kufunga breki ghafla kukawa hatari. Kijani si amri ya kwenda. Ni ruhusa ya kwenda iwapo njia ni nyeupe. Na mkono wa askari wa trafiki hutangulia taa zote.

Neno likipotoshwa, msikilizaji huomba lirudiwe. Taa ikipotoshwa, mwenda kwa miguu aliyeiamini hapati nafasi ya kuuliza. Walimu wenzangu, sarufi hii tuifundishe darasani, kabla kijana hajashika usukani.