Motokaa Kuukuu na Amana ya Muuzaji

Ndugu zetu wa Liparamba watakao kununua motokaa iliyokwisha kutumika, twawausia wasihadaike na rangi. Vilima vyetu na vumbi havisitiri injini mbovu.

Na waende na fundi mwaminifu asiye wa muuzaji. Injini iwashwe ingali baridi: moshi wa buluu ni oili inayoungua, na oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Nambari ya chesisi ilingane na kadi.

Nanyi wauzaji, mcheni Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umaji uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali. Mwenye kuficha breki mbovu afanya baya zaidi, kwani zimo roho za watoto. Na sharia yampa mnunuzi aliyefichwa aibu haki ya kurudisha motokaa na kutwaa fedha zake.