Istilahi za Kueleza Spishi Mpya: Mfano wa Nondo Wadogo wa Misituni

Wafasiri wa taarifa za kisayansi hukutana mara kwa mara na habari kwamba wataalamu wamepata mdudu asiyejulikana hapo awali. Tafsiri iliyozoeleka ni "aina mpya ya mdudu imegunduliwa". Tafsiri hii ni nyepesi ulimini, lakini ina utata unaoweza kumpotosha mwalimu, bwana shamba, na hata afisa anayetakiwa kutoa uamuzi. Katika makala haya tunauchambua utata huo kwa mfano wa nondo wadogo wa misituni, kisha tunatoa mapendekezo.

1. Neno "nondo"

Nondo ni ndugu wa kipepeo, na wengi wao huruka usiku. Neno hili pia ni jina la vyuma vya ujenzi. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotuondolea shaka: "nondo wadogo wameletwa" ni wadudu, "nondo ndogo zimeletwa" ni vyuma. Mwandishi wa barua ya serikali asiyezingatia upatanisho huu atamlazimisha msomaji kubahatisha.

2. "Mpya" kwa maana mbili

Mdudu huweza kuitwa mpya kwa sababu sayansi haijampa jina, japokuwa ameishi msituni humo kwa maelfu ya miaka. Huweza pia kuitwa mpya kwa sababu ameingia nchini kutoka mbali, ingawa sayansi inamjua tangu zamani. Hali hizi mbili hazifanani hata kidogo.

Mfano wa hali ya pili ni nondo ambaye wakulima wa nyanya wa Tanzania humwita kantangaze. Edward Meyrick alimpa jina la kisayansi mwaka 1917, kutokana na vielelezo vya Peru. Tanzania aliripotiwa mwaka 2014, na viwavi wake wakasababisha hasara kubwa mashambani. Kwa mkulima alikuwa mgeni. Kwa sayansi alikuwa na jina kwa karibu miaka mia moja.

Hivyo basi, taarifa isemapo tu kwamba "aina mpya ya nondo imeonekana", msomaji hana njia ya kujua kama anatakiwa kulinda msitu au kulinda shamba. Nondo wa msituni asiye na madhara anaweza kutafutiwa dawa ya kumuua, na mvamizi wa kweli akapokewa kama habari ya kufurahisha tu.

3. Kazi ya kuipa spishi jina

Kitenzi "kugundua" nacho hakitoshi. Kumwona mdudu ni mwanzo tu. Nondo tunaowazungumzia wana bawa la mbele lenye urefu wa milimita chache, na spishi mbili huweza kufanana kabisa kwa macho. Mtaalamu hulazimika kupasua fumbatio na kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini, kwani mara nyingi humo ndimo tofauti zinamoonekana. Huchunguza pia magamba ya mabawa, vipapasio, na mmea ambao kiwavi hula. Viwavi wa jamii nyingi za nondo hawa huishi ndani ya jani, kati ya ngozi yake ya juu na ya chini, wakila nyama ya jani na kuacha alama inayoonekana kwa nje.

Baada ya hapo mtaalamu huandika maelezo na kuyachapisha. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, mwandishi lazima ataje bayana kielelezo ambacho jina litafungamana nacho. Kukitokea ubishi baadaye, kielelezo hicho ndicho kinachorejewa. Kwa kuwa kielelezo huweza kukaa miaka mingi katika makumbusho kabla ya kuchunguzwa, mwaka wa kukamatwa na mwaka wa kupewa jina visichanganywe.

4. Majina yenye asili ya Kiswahili

Kanuni hizo huruhusu jina la spishi litoke katika lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Mwaka 2012 Jurate De Prins alizipa spishi mbili za Kenya majina ya Phyllonorycter kazuri na Cremastobombycia kipepeo. Jambo hili ni heshima kwa lugha yetu, lakini lina mtego: huyo wa pili ni nondo, wala si kipepeo. Mfasiri asilifasiri jina la kisayansi wala kulirekebisha. Alinakili kama lilivyo, kisha aeleze pembeni mdudu ni wa kundi gani.

Yafaa ieleweke pia kwamba Phyllonorycter limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mchimba jani. Kwa hiyo tukisema "nondo mchimba-jani" hatupungukiwi na chochote. Tunafuata njia ile ile iliyofuatwa na jina la kisayansi lenyewe.

5. Mapendekezo

Tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Spishi: kundi la viumbe lenye jina lake la kisayansi. Neno "aina" libakie kwa matumizi ya kawaida, kama vile aina za mchele.

(b) Spishi iliyopewa jina karibuni: ile ambayo maelezo yake ya kwanza yamechapishwa karibuni. Mwaka utajwe.

(c) Spishi ngeni: iliyofika mahali ambapo haikuwapo kiasili. Ikileta madhara, iitwe spishi vamizi.

(d) Kielelezo rejea: mdudu mmoja aliyehifadhiwa, ambaye jina la spishi limefungamana naye.

(e) Nondo mchimba-jani: nondo ambaye kiwavi wake huishi na kula ndani ya jani.

Istilahi (b) na (c) ndizo zenye uzito zaidi. Afisa anayepokea taarifa iliyotenganisha mambo haya mawili atajua mara moja kama aipeleke idara ya misitu au idara ya kilimo.