METALI YA KUSTAHIMILI MOTO WA JUA

Katika mji wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kila mkamuaji wa mawese anajua kwamba pipa la chuma halidumu juu ya moto. Huliwa taratibu, mwisho likatoboka. Tatizo hilo, likiwa limekuzwa mno, ndilo linalowashughulisha wataalamu wanaojenga tanuri la atomu la ITER huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa.

Mitambo ya atomu iliyozoeleka hupasua viini vya atomu. Tanuri hili limekusudiwa kuviunganisha, kama lifanyavyo jua. Ili viini vya haidrojeni viungane humo, gesi yake yapaswa kufikia joto la digrii milioni 150. Hakuna metali iwezayo kuugusa moto huo. Hivyo huzuiliwa kwa nguvu za sumaku. Hata hivyo, kuta hupata joto kali, tena hupigwa na nutroni, chembe ambazo sumaku haizizuii. Nutroni huzisukuma atomu za metali kutoka mahali pake, na metali imara ikawa ya kuvunjika kama chungu.

Metali iliyochaguliwa kuukabili moto huo ni wolframu, ambayo hutumika pia katika risasi za kutoboa deraya. Chuma huyeyuka kwa digrii 1,538. Wolframu kwa 3,422. Mwaka 2023 ITER iliamua ukuta wa ndani nao uwe wa wolframu badala ya berili. Kwa mitambo ya umeme itakayofuata, watafiti wa Ulaya wametengeneza feleji yenye kromi, wolframu na tantalu. Nikeli, ambayo Burundi inayo kwa wingi huko Musongati, huepukwa, kwani ikipigwa na nutroni hubaki na mnururisho kwa muda mrefu.

Jambo hili latuhusu. Wolframu na tantalu zimo katika ardhi ya kaskazini mwa Burundi. Desemba 2010 wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walikubaliana mjini Lusaka kwamba madini hayo yawe na hati ya chimbuko. Lakini hati bila macho ya askari ni karatasi tu. Alindaye bandari, kizuizi cha barabara au mwalo na akumbuke: jiwe la wolframu ni jeusi, na uzito wake hupita mara mbili ule wa jiwe la kawaida la ukubwa huo huo. Gunia dogo linalowashinda wachukuzi wawili lastahili kuulizwa hati. Madini yakivuka ziwa usiku kwa magendo, kodi ya kujenga zahanati na kulipa mishahara, hata wa askari mwenyewe, imevuka nayo.