Kupima Uimara wa Gari Dogo la Kifahari Lililotumika Kabla ya Kulinunua

Malipo ya kahawa yakishaingia Rungwe, na ya pareto yakishaingia Mufindi, maombi ya namna moja huanza kufika mbele ya bodi za vyama vya msingi na kamati za mikopo za SACCOS. Chama fulani huomba gari la ofisi, na mwanachama fulani huomba mkopo wa gari lake mwenyewe. Nao wote hutaka gari dogo la kifahari lililotumika, lenye viti laini na injini kubwa. Hapana ubaya kutamani chombo cha kupumzisha mgongo. Ubaya huanza pale fedha ya ushirika inapotolewa kwa kutazama rangi na jina. Gari likifa mwezi wa tatu, mkopo haufi pamoja nalo.

Ukaguzi wa gari haupishani sana na ukaguzi wa chama. Mkaguzi haridhiki na leja peke yake. Huingia ghalani, akahesabu magunia, kisha akalinganisha hesabu hizo mbili. Penye tofauti ndipo penye swali. Hali kadhalika gari lina vitabu vyake na lina ghala lake, na mnunuzi mwangalifu husoma vyote viwili kabla ya kutaja bei.

Jina na mtambo

Jina la gari hueleza jinsi lilivyotoka kiwandani, wala halielezi lilivyotunzwa tangu hapo. Hata hivyo lafaa kujulikana, kwa kuwa kila mtambo una udhaifu wake. Toyota Progrès iliundwa kuanzia 1998 hadi 2007, na Toyota Brevis kuanzia 2001 hadi 2007. Yote mawili ni magari ya umbo dogo yenye starehe ya magari makubwa, na injini zake ni za silinda sita, za lita 2.5 au 3.0. Brevis nyingi, na Progrès nyingi za kuanzia 2001, zina injini aina ya D-4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Pampu hiyo haivumilii uchafu. Gari lililozoea petroli ya madumu vijijini huweza kuwaka kwa shida, kutetemeka likisimama, na kukosa nguvu mlimani. Injini hizo pia hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilometa 100,000. Muuzaji asiye na ushahidi wa kuubadilisha ahesabiwe kuwa hakuubadilisha.

Katika magari ya Ulaya, BMW ya mfululizo wa 3 ya miaka ya 1998 hadi 2006 yajulikana kwa udhaifu wa vipande vya plastiki katika mfumo wa maji ya kupoza injini, hasa tangi la maji ya ziada. Mercedes-Benz ya daraja la C iliyoanza 2000 yajulikana kwa kutu na hitilafu za umeme. Si kwamba magari hayo ni mabaya. Bali kabla ya kuyanunua yapasa kuulizwa ni fundi gani wa Mbeya au Iringa anayeyafahamu, na vipuri vyake hutoka wapi na kwa siku ngapi.

Vitabu vya gari

Kwanza, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi ilinganishwe na ile ya kadi ya gari, na kadi yenyewe ihakikishwe TRA. Kadi isiyopo mkononi mwa muuzaji huenda iko kwa mkopeshaji. Madeni ya faini za barabarani nayo yatazamwe, maana hufuata namba ya gari.

Pili, magari mengi kutoka Japani hupitia mnada, na kila moja huandikiwa karatasi ya mnada yenye daraja lake. Gari la daraja la 4 au 4.5 kwa kawaida lilikuwa zuri; alama ya R au RA huonyesha kwamba liliwahi kugongwa likatengenezwa. Karatasi hiyo hutaja pia kilometa lilizokwenda. Kipimo cha kilometa kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo tarakimu zake zilinganishwe na karatasi, na zote zilinganishwe na ghala. Kanyagio la breki lililolika mpira, usukani uliong'aa kwa kushikwa, na kiti cha dereva kilichobonyea havipatani na kilometa 60,000.

Tatu, cheti cha Shirika la Viwango Tanzania hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa kuingia nchini. Gari lililokwisha kutumika nchini miaka mitano huhitaji ukaguzi mpya.

Injini ikiwa baridi

Gari liangaliwe asubuhi, na muuzaji aombwe asiliwashe kabla ya mnunuzi kufika. Mkono uwekwe juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, kuna jambo lililotayarishwa. Asubuhi za Juni na Julai huko Mafinga au Uyole ni mashahidi wazuri, kwa kuwa betri dhaifu na injini iliyochoka hazijifichi katika baridi.

Kabla ya kuwasha, kijiti cha oili kichomolewe. Oili iliyopungua sana yaonyesha uvujaji au uzembe; ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko chake waweza kuwa dalili kwamba maji yameingia ndani ya injini. Mfuniko wa rejeta ufunguliwe wakati huo huo wa baridi, na kamwe si baada ya safari. Maji yenye rangi ya kutu ni ishara kwamba hayakutunzwa.

Ufunguo ukizungushwa hatua ya mwisho kabla ya kuwasha, taa zote za tahadhari sharti zitokee, kisha zizimike mara injini ikiisha kuwaka. Taa inayobaki yaonyesha ugonjwa. Taa isiyotokea kabisa yatia shaka zaidi, maana huenda imekatwa ili ugonjwa usionekane. Moshi utazamwe: wa bluu ni wa oili inayoungua, mweusi ni wa petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa ni wa maji.

Mlima usiosema uongo

Gari lijaribiwe mlimani na kwenye barabara mbovu, pasipo kuishia kuzunguka uwanja wa muuzaji. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo gari lililoonekana jepesi Dar es Salaam litakuwa zito kidogo huku bila ya kuwa bovu. Lakini kuchemsha hakuna udhuru. Katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani. Kinachoyazuia ni shinikizo la mfumo uliofungwa barabara. Mfuniko wa rejeta uliochoka utajulikana kwenye mlima wa Kitonga, na hapo mnunuzi atakuwa amekwisha lipa.

Kwa hiyo wa Iringa apande kutoka Ipogolo hadi mjini, na wa Mbeya ashike barabara ya Uyole kwenda Tukuyu. Njiani geji ya joto itulie, gia zibadilike bila kishindo wala kuchelewa, na breki zisivute upande wakati wa kushuka. Kwenye vumbi na mashimo, redio izimwe ili bushi, shokapu na bol jointi zisikike. Kompyuta ya kupimia hitilafu iunganishwe kabla ya safari na baada yake, kwa sababu makosa yaliyofutwa asubuhi huweza kurudi njiani. Fundi wa kazi hiyo achaguliwe na kulipwa na mnunuzi.

Hesabu ya mwisho

Bei ya kununua ni sehemu tu ya gharama. Na tuseme chama kimetenga shilingi 18,000,000. Kikinunua gari la shilingi 18,000,000, kimebaki bila fedha ya bima, matairi, oili na matengenezo ya mwanzo. Kikinunua la shilingi 14,000,000 lililokaguliwa vema, kimebakiwa na 4,000,000 za kulitunza. Petroli nayo ipimwe: tangi lijazwe, gari liende kilometa 100, lijazwe tena, na lita zilizoingia ziandikwe. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa safari za mwaka, wengine hugundua kwamba injini ya lita 3.0 si ya mfuko wao, hata ikiwa nzima kabisa. Vivyo hivyo chama ambacho njia zake ni za matope ya Mufindi au Busokelo kijiulize kama gari lenye tumbo la chini ndilo kinalohitaji.

Katibu anashauriwa kuandika matokeo yote katika karatasi moja: namba ya chesisi, kilometa, kasoro zilizoonekana, gharama ya kuzirekebisha, na jina la fundi. Karatasi hiyo isomwe mbele ya bodi kabla ya malipo, na ununuzi wa chama uwe ndani ya makisio yaliyoidhinishwa na Mkutano Mkuu. Kasoro iliyoandikwa hupunguza bei. Kasoro iliyonyamaziwa hulipwa na wanachama.

Na muuzaji akikataa injini isiwashwe mapema, akikataa mlima, au akikataa fundi wa mnunuzi, chama kirudi na fedha zake. Magari ni mengi, lakini akiba ya msimu ni moja.