Honi Si Breki

Wanafunzi wa udereva Bariadi, mkoani Simiyu, hubadilika, swali halibadiliki: "Mwalimu, nikikuta ng'ombe barabarani nipige honi mara ngapi?" Aliyelisikia mara mia hana tena hamu ya kulijibu kwa upole. Hata mara moja ikipigwa kwa wakati mbaya, ni nyingi.

Anayeuliza anaamini kwamba honi husafisha njia. Katika lami inayotoka Lamadi kupitia Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi, imani hiyo ni ya kuogopwa. Simiyu ni mkoa wa mifugo na pamba: asubuhi makundi huvuka kwenda malishoni, jioni hurudi, na msimu wa mavuno mikokoteni ya ng'ombe nayo imo barabarani.

Tuanze na hesabu. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekwenda kabla mguu haujagusa breki. Kisha, kwenye lami kavu na tairi nzima, zinahitajika mita nyingine 35 hivi. Jumla ni mita 57, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Kwenye kilomita 50, mwendo wa juu unaoruhusiwa katika makazi, jumla ni kama mita 28. Honi haipunguzi hata mita moja.

Ng'ombe naye ana hesabu zake. Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini hakadirii vizuri umbali wala kasi ya kitu kinachomjia. Mtaalamu wa tabia za mifugo wa Marekani, Temple Grandin, amefundisha kwa miaka mingi kwamba makelele humtia mnyama hofu, na mwenye hofu hukimbilia wenzake. Kwa hiyo kundi likiwa limegawanyika, nusu ng'ambo na nusu huku, honi haimrudishi ndama porini. Inamsukuma kwa mama yake, mbele ya bampa.

Mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa hana nafuu. Akishtuliwa kwa nyuma hugeuza shingo, na baiskeli hufuata shingo.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, liko ndani ya gari. Mtazame mwanafunzi anapokutana na kundi kwa mara ya kwanza: kiganja cha kulia kimekandamiza katikati ya usukani, macho yamemtoka, na mguu wa kulia bado uko kwenye mafuta. Amepiga kelele, basi anadhani amechukua hatua. Ukimuuliza kwa nini hakupunguza, atasema, "Lakini nilipiga honi!" Tabia hiyo haikuanzia kwenye gari: ni ile ya kungoja mwingine abadilike ili mwenyewe asibadilike. Tofauti ni kwamba nyumbani inaleta ugomvi, na barabarani inaleta mzoga.

Kinachokera ni kwamba wengi wao wamechunga. Kijana aliyekulia wilaya ya Itilima au Meatu anajua tangu utotoni kwamba kundi halivushwi kwa fujo: mmoja hutangulia, mwingine hukaa nyuma, na ndama wa mwisho husubiriwa. Akishika usukani siku ya tatu, elimu yote hiyo anaishusha kando ya barabara kama abiria asiye na nauli.

Basi, cha kufanya. Jifunze kwa mkufunzi mwenye sifa, katika gari lenye breki ya pili upande wake. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA navyo vinafundisha udereva. Pata kwanza leseni ya kujifunzia na ubandike alama ya L. Ukiona mnyama mmoja, hesabu kwamba wako wengine. Ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga breki mapema, shusha gia, simama ikibidi, mwangalie mchungaji. Honi fupi ipigwe mbali, mwendo ukiwa umeshapungua. Nyuma ya gari jingine acha nafasi ya sekunde tatu. Kukiwa na mvua au vumbi, ongeza. Giza likiingia, usiendeshe kwa kasi inayozidi mwanga wa taa zako.

Atakayeuliza tena honi ipigwe mara ngapi, aseme kwanza mguu wake wa kulia uko wapi.